Siku Ardella Pinkston Alipopuliza Gudulia

Kwa miaka thelathini na minne Ardella Pinkston alipika chakula cha mchana katika shule moja ya magharibi mwa mji wa Louisville, Amerika, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyepita mbele ya upawa wake akaondoka bila njegere. Waliolia walipewa njegere. Waliokuja na barua kutoka kwa mama zao walipewa njegere, na barua ikarudi nyumbani na doa la mchuzi. Hadi leo wapo wanaume wa miaka hamsini mtaani Russell, wenye vitambi na wajukuu, ambao wakimwona anakuja huzima sigara zao na kujifanya wanatazama mawingu.

Alipostaafu, ukali wake wote aliuhamishia kanisani. Kila Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa la Mlima Nebo, gauni jeupe, glovu nyeupe, viatu vyeupe, akiwaonyesha watu pa kuketi. Ukichelewa hukuketi unapopataka wewe. Uliketi anapopataka yeye, na mara nyingi palikuwa mbele kabisa, chini ya pua ya mchungaji. Na mtu mmoja alipotaka kufungua duka la pombe mkabala na kanisa, ni Ardella aliyezunguka nyumba kwa nyumba akikusanya saini, licha ya goti lake bovu, hadi yule mtu akasalimu amri akafungua duka la simu.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwelewa kwa nini hakuwahi kumwambia binadamu yeyote, hata marehemu mumewe Emmitt, kwamba alipokuwa na miaka tisa alikuwa bingwa wa kupuliza gudulia la wiski.

Mwalimu wake alikuwa mjomba wake, Tolliver. Huyu Tolliver hakuwahi kukaa kwenye kazi moja miezi sita mfululizo. Lakini kila mwezi wa Mei, watu walipofurika mjini kwa mbio za farasi, yeye na wenzake walisimama kwenye kona na banjo, fidla, ubao wa kufulia wa kukwaruzwa kwa vidole, na gudulia la udongo, wakapiga muziki mpaka matajiri wakashuka magarini kucheza na kofia zao za maua. Gudulia lenyewe halikutaka nguvu, lilitaka adabu. Unalishika karibu na kidevu bila kuligusa kwa mdomo, unatetemesha midomo kama farasi aliyechoka, halafu unaielekeza pumzi shimoni. Nalo linakuitikia kutoka tumboni mwake: vuum, vuum.

"Wazungu walikuwa na tarumbeta kubwa za shaba," Tolliver alimwambia siku moja nyuma ya kibanda cha makaa. "Sisi hatukuwa na cha kununulia. Tukaokota chupa waliyokwisha kuinywa, tukaifanya iseme kuliko wao. Na wazee wetu kule walikotoka walipuliza vibuyu na pembe hata chupa haijazaliwa. Kwa hiyo usije ukadhani mjomba wako ni mlevi mpiga kelele. Mjomba wako ni historia."

"Mama anasema ni mlevi," alisema Ardella mdogo.

"Mama yako hasemi uongo. Mtu anaweza kuwa vyote viwili."

Mambo hayo yalikoma alipofikisha miaka kumi na miwili. Mama yake alimkuta nyuma ya kibanda, mashavu yamevimba, gudulia kidevuni. Tolliver akafukuzwa kwa mwiko hadi njia panda, na Ardella akabatizwa Jumapili iliyofuata kabla hajapata nafasi ya kukata rufaa. Ikapita miaka sitini.

Kisha maktaba ya mtaa ikampata msimamizi mpya, binti mmoja aitwaye Keturah Bibb, mwembamba, mwenye miwani na maneno mengi. Keturah alikuwa amevumbua katika makasha ya maktaba kwamba muziki wa magudulia ulivuma sana zamani katika mitaa hii hii, na hakuna aliyekuwa akiuenzi. Akaamua iwepo sikukuu, Jumamosi moja ya Juni, bustanini, yenye muziki, chakula na hotuba kuhusu mizizi ya muziki wa Amerika. Jumapili moja akaja kanisani kutangaza, akiwa na picha kubwa ya zamani. Wanaume wanne na vyombo vyao. Na miguuni mwa mwenye gudulia, kitoto cha kike chenye gudulia lake dogo, macho yamemtoka.

"Nyuma pameandikwa *Tolliver na Della*," alisema Keturah. "Kuna anayemjua mtoto huyu? Pengine yu hai. Pengine ana wajukuu."

Watu wakanyoosha shingo kuitazama picha. Ardella, mlangoni, alihisi glovu zake zimelowa.

Shemasi Odis Yarbrough, ambaye Mungu alimpa sauti kubwa akasahau kumpa kifuniko, akainama akaitazama picha. "Mimi simjui," alisema, "ila huyu mtoto ana mashavu kama chura aliyemeza yai la bata!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata mchungaji alificha mdomo kwa leso. Siku hiyo shemasi alipofika mlangoni kutoka, Ardella hakumpa mkono, na yeye hakujua kosa lake.

Angeweza kuyaacha yakaishia hapo. Lakini kwa kuwa mtaani hakubaki mtu wa kupuliza gudulia, Keturah alimwazima mpulizaji kutoka ng'ambo ya mto, Indiana. Alikuwa daktari wa meno, mzungu mmoja mpole mwenye ndevu, jina lake Royce Hamblin, aliyejifunza mwenyewe chumbani kwake. Siku ya mazoezi Ardella alipeleka maktabani sinia la mkate wa mahindi, kwa niaba ya akina mama wa kanisa. Akamkuta daktari amelishika gudulia, midomo ameibandika kwenye shingo ya chombo, anavuta na kusukuma, na ndani inatoka sauti ya mtu anayejaribu kuvua buti kwenye tope.

Aliweka sinia mezani. Akajikaza. Akashindwa.

"Kijana," alisema, "unalipuliza au unalinyonya?"

Daktari, aliyekuwa na miaka hamsini na minane, alishusha gudulia. "Samahani, mama. Unafahamu jinsi inavyofanywa?"

"Mimi? Mimi nafahamu mkate wa mahindi. Kuleni ukiwa moto."

Alirudi nyumbani na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Akapika, hasira ikabaki. Akakunja nguo, ikabaki. Basi akatoa chini ya sinki gudulia lake la siki, akaimimina siki yote kwenye sufuria, akafunga madirisha, akaingia bafuni, akalishika chini ya kidevu. Mara ya kwanza hewa ilipita tu. Ya pili vivyo hivyo. Mara ya tano, bila kutangaza, lile dude likasema: *vuum*. Ardella akaketi ukingoni mwa bafu akacheka peke yake, mkono mdomoni, kama mwizi wa sukari.

Ikawa desturi. Kila alasiri baada ya kuosha vyombo alijifungia bafuni nusu saa.

Chini yake, katika nyumba hiyo hiyo ya ghorofa moja, aliishi mzee Wendell Crutcher, muumini mwenzake wa Mlima Nebo, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye mashua za mizigo za mto Ohio. Hawa wawili walikuwa wamegombana kwa miaka kumi na moja, sababu ikibadilika kulingana na majira: kiangazi harufu ya kambare wa kukaanga wa Crutcher, majira ya baridi theluji nani aikwangue. Crutcher alisikia mngurumo ukutani akampigia mwenye nyumba. Mwenye nyumba akamleta fundi bomba, jamaa mmoja mnene aitwaye Dewitt.

Dewitt akafungua, akagonga, akasikiliza, akafunga. Hakuona kitu. Wiki ya pili akaitwa tena.

"Mama Pinkston," alisema akiwa amepiga magoti kwenye bafu lake, "wewe husikii kitu?"

"Masikio yangu ni ya mtu mzima," alisema Ardella. Haukuwa uongo, alijiambia baadaye. Hakusema kwamba yana kasoro.

"Na mbona bafuni kwako kunanuka siki?"

"Nasafisha. Wengine wetu tunasafisha."

Mara ya tatu Dewitt hakupanda. Alikaa kwa Crutcher, kiti kimoja kila mmoja, wakingoja. Saa tisa kamili mngurumo ukaanza. Dewitt akabandika sikio ukutani. Mguu wake wa kulia ukaanza kugonga sakafu. Akautazama mguu kama wa mtu mwingine.

"Mzee," alisema taratibu, akifunga kisanduku chake cha vyombo, "nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Bomba linaweza kulia, linaweza kukohoa, linaweza hata kupiga mluzi. Lakini bomba haliwezi kurudi kwenye kiitikio."

Crutcher alipanda ngazi upesi kuliko alivyopanda chochote tangu alipostaafu. Akagonga. Mngurumo ukakoma. Akagonga tena.

"Nani?"

"Jirani yako. Fungua, bibie. Bomba lako lina wimbo mtamu."

Ardella akafungua mlango kiasi cha pua. Midomo yake ilikuwa imevimba, nyekundu kama ya mtu aliyekula pilipili. Crutcher akaitazama midomo, akalitazama gudulia sakafuni nyuma yake, na furaha ikampanda kutoka miguuni.

"Wewe ndiye Della," alisema. "Wewe ndiye chura!"

"Crutcher, ukitamka neno hilo nje ya mlango huu, naapa nitakuja kwenye mazishi yako nimevaa nyekundu."

"Mimi nitamke? Kwani mimi ni Yarbrough?" Akaegemea ukuta apumue. "Lakini nisikilize, mama. Nimekaa chini yako miaka kumi na moja nasikia ukikokota viti. Hizi wiki tatu ndizo za kwanza nimefurahi kuwa jirani yako. Nilikuwa namwita fundi kwa sababu nilidhani nyumba inaporomoka, si kwa sababu ilikuwa mbaya. Kwa nini usiende kupiga bustanini?"

"Mbele ya kanisa zima? Mimi niliyefunga duka la pombe, nisimame na chupa ya wiski mdomoni?"

"Si mdomoni. Mwenyewe ulimuuliza yule mzungu kama analinyonya. Habari zilinifikia."

Ardella akafunga mlango. Lakini kesho yake hakufunga dirisha la bafuni, na chini, barazani, Crutcher alikuwa ameshatoa viti viwili, kimoja chake na kingine cha Dewitt.

Siku ya sikukuu jua liliwaka kama linalolipwa kwa saa. Bustani ilijaa. Moshi wa mbavu za nguruwe ulitanda kati ya miti, akina mama wa Mlima Nebo walipanga meza ndefu ya mboga, kuku, maharage na vitindamlo, na Ardella, katika sare yake yote nyeupe, alisimamia foleni. Watoto wa watu waliopita mbele ya upawa wake miaka arobaini iliyopita walipewa njegere.

Kwenye jukwaa Keturah alihutubia. Alianza na Afrika, akavuka bahari na watu waliofungwa minyororo, akaeleza banjo ilivyotokana na kibuyu na ngozi, na alipofika mwaka elfu moja mia nane na sitini na tano Crutcher alisema kwa sauti, "Binti, tufikishe nyumbani, barafu inayeyuka!" Watu wakacheka, Keturah naye akacheka, akaruka miaka arobaini kwa mpigo mmoja. Kisha akaonyesha ile picha, sasa imekuzwa ikawa kubwa kama mlango.

"Hatukumpata Della," alisema. "Mtaani Russell hakubaki hata mmoja anayejua kazi hii. Basi tumshangilie rafiki yetu kutoka ng'ambo."

Banjo ikaanza, ubao wa kufulia ukafuata, na daktari Hamblin akabandika midomo. Kwa haki tuseme alijitahidi. Alipuliza kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomponza, kwa maana mtu akipuliza gudulia kwa moyo wote juani, kichwa huishiwa hewa. Ubeti wa pili uso wake ulikuwa mwekundu. Wa tatu ukawa mweupe. Wa nne akatabasamu kwa upole, akarudi nyuma hatua tatu, akashuka jukwaani bila kutumia ngazi, na akaketi barabara juu ya pudini ya ndizi ya mke wa Shemasi Yarbrough.

"Pudini yangu!" ukasikika ukelele.

"Niko salama," alisema daktari kutoka ndani ya pudini.

Muziki ukasita. Wakampepea, wakampa maji, wakamfuta. Keturah alisimama na gudulia mkononi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu. Na katika kimya hicho Shemasi Yarbrough, akitaka kuwachangamsha watu, akanyoosha kidole kwenye picha. "Afadhali tungempata yule chura!"

Crutcher hakusema neno. Alikuwa ameahidi. Alimgeukia tu Ardella akamtazama, na Dewitt naye akamtazama.

Ardella akavua glovu ya kulia. Akavua ya kushoto. Akazikunja pamoja, akamkabidhi Shemasi Yarbrough, aliyezipokea bila kujua anapokea nini, akapanda jukwaani kwa goti lake bovu, ngazi moja moja, akachukua gudulia mikononi mwa Keturah. Akalinusa.

"Nani ameliosha hili?"

"Li... limetoka duka la vitu vya kale, mama," alisema Keturah.

"Sikuuliza limetoka wapi. Dewitt!"

"Naam, mama!"

"Maji ya moto, na magadi kwenye kikapu changu pale mezani. Tikisa mara tatu, mwaga, rudia."

Basi watu zaidi ya mia tatu wakangoja juani huku fundi bomba akiosha gudulia, na hakuna aliyethubutu kulalamika, kwa kuwa nusu yao walikula mikononi mwake utotoni. Lilipoletwa alilinusa tena, akaridhika.

"Mjomba wangu alikuwa Tolliver," aliwaambia watu, kwa sauti ile ile aliyotangazia njegere. "Na mwenye neno kuhusu mashavu yangu aje aniambie nikiwa hapa." Hakuja mtu. Akamgeukia mwenye banjo. "Si mbio hivyo. Huu muziki wa kuchezea, si wa kukimbizia mbwa. Haya."

Akalishika chini ya kidevu. Mashavu yakajaa, na kweli, tusidanganyane, alifanana na chura. Lakini ile sauti! Ilitoka chini sana, ya mviringo, nzito, ikatembea chini ya banjo kama mtu mkubwa anayepita ghalani, ikasimama pale inapopaswa kusimama, ikaruka, ikacheka. Wazee waliokuwa wamekaa wakasimama. Crutcher akamshika mkono mke wa Yarbrough, ambaye bado alikuwa akiomboleza pudini, akamzungusha mara mbili kabla hajajua anacheza. Ardella alifumba macho. Hakuwaza kanisa wala mama yake. Baadaye alipoulizwa aliwaza nini, alisema aliwaza tu asimeze mate.

Walipiga nyimbo sita. Alipomaliza ya sita alishuka, akarudi kwenye foleni ya chakula, akauliza nani hajapata njegere.

Jumanne kamati ya kanisa ikaitwa. Mke wa shemasi alisema haifai, mwanamke wa mlangoni, chombo cha ulevi, mbele za watu. Mchungaji, ambaye alikuwa amecheza nyimbo zote sita na alijua alionwa, alikohoa sana kabla ya kuzungumza. Mwishowe wakaamua Dada Pinkston apumzike mlangoni mwezi mmoja, atafakari.

Akapumzika. Jumapili ya kwanza aliketi kwenye kiti kama watu wengine, mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Akagundua kwamba viti vina mito. Akagundua kwamba mahubiri, ukiwa umekaa, ni mafupi. Jumapili ya pili alivua viatu chini ya kiti. Mwezi ulipokwisha mchungaji alimletea glovu mwenyewe, kwa heshima, na akarudishiwa kwa heshima.

"Mpe dada Yarbrough," alisema Ardella. "Anapenda sana kuangalia watu."

Siku hizi kila Jumatano alasiri anafundisha maktabani. Wanafunzi ni saba. Crutcher huja, ingawa hapulizi, huja kusema ameusikia wimbo huo ukipigwa vizuri zaidi kupitia ukutani. Dewitt amejaaliwa mapafu lakini hana subira. Na daktari Hamblin huvuka daraja kila wiki bila kukosa, na huketi mbele kabisa, kwa kuwa ndipo alipowekwa.

"Midomo mbali," Ardella humwambia. "Mbali! Halijakuomba busu. Wewe ni daktari wa meno, unajua mdomo una nini ndani, kwa nini hujui una nini nje?"

"Ndiyo, mama."

Ilimchukua hadi Novemba. Jumatano moja ya mvua, wengine wakipiga soga, alilisogeza gudulia upana wa kidole, akatetemesha midomo bila nguvu, kama mtu asiyetegemea kitu, na likamwitikia: *vuum*. Wengine wakageuka. Daktari akatoa macho, akatazama kushoto na kulia kuona kama ni yeye.

Ardella akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Sasa liweke chini, usije ukaiharibu."